Kwa nini picha zangu za nje hugeuka tope?

Swali: Kwa miaka kadhaa nimechora mandhari nikitazama picha za kamera, na watu huzipenda kazi zangu. Mwaka huu nilitoka nje na rangi zangu za mafuta. Kila mara hutokea yaleyale. Nikifika katikati ya kazi jua limehama na vivuli vimekaa pengine, naanza kurekebisha, rangi zinakuwa tope, na nikirudi nyumbani naikuta picha nyeusi kuliko nilivyoiona kule. Wachoraji wa mandhari wanaishi vipi na hali hii? Na kuna ubaya gani nikipiga picha tu, nikaenda kumalizia ndani? Wapita njia nao wananitia aibu, lakini hilo ni la mwisho.

Jibu: Ndugu, nianze na lile la picha kuwa nyeusi, maana ndilo jepesi kuliko yote na dawa yake haihitaji hata mazoezi. Jua la mchana usio na mawingu humwaga takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) juu ya kila kitu. Chumba chenye taa za kawaida huwa na luksi 300 hadi 500 hivi. Kanvasi ikipigwa na jua moja kwa moja, hata rangi nzito, yaani yenye giza, huonekana nyepesi, nawe unaendelea kuikoleza mpaka jicho liridhike. Ukiipeleka ndani, inapokea mwanga uliopungua mara mamia, na ukolevu wote ule unajitokeza. Jicho lako halina kasoro. Umesimama mahali pabaya tu.

Kanvasi na paleti, ule ubao wa kuchanganyia rangi, vikae kwenye kivuli kimoja. Vyote viwili, kwa sababu paleti ikiwa juani na kanvasi kivulini, rangi uliyoichanganya vizuri inabadilika ikiwa bado juu ya brashi. Njia rahisi ni kuigeuza stendi mpaka jua liwe nyuma ya kanvasi, lakini hapo kitambaa kitapitisha mwanga kutoka nyuma na kukudanganya upya, kwa hiyo bandika kadibodi mgongoni mwake au tumia ubao. Ukitumia mwavuli, uwe mweupe, wa kijivu au mweusi. Mwavuli wa rangi huipaka picha yako rangi yake bila ruhusa. Hata fulana nyekundu uliyovaa huakisi wekundu kwenye kanvasi iliyo karibu na kifua chako. Vaa kitu kilichofifia, kofia yenye ukingo, na miwani ya jua uivue wakati wa kuchanganya rangi. Katikati ya kazi ibebe picha uipeleke kwenye kivuli kizito zaidi uitazame huko kwa dakika moja. Ikikuridhisha pale, itakuridhisha na ndani.

Usianzie kwenye weupe mtupu pia. Juu ya nyeupe kila rangi huonekana nzito, hivyo unapotea mwanzoni kwa kuogopa giza na baadaye kwa kulizidisha. Paka kanvasi rangi nyembamba ya udongo au ya kijivu siku moja kabla, ikauke. Juu ya msingi huo unaona mara moja kipi ni chepesi kuliko kati na kipi ni kizito.

Sasa jua. Kwa kuwa dunia inajizungusha nyuzi 15 kila saa, katika saa mbili za kazi jua limehama nyuzi 30 angani, na vivuli vimelifuata. Asubuhi na jioni urefu wa kivuli hubadilika kwa kasi kuliko adhuhuri, na karibu na ikweta jua huzama karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu wanaousifu wachoraji wa nchi za kaskazini ni mfupi zaidi kwenye ikweta. Jambo hili halikuanza na wewe. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes, aliyechora kwa rangi za mafuta juu ya karatasi ndani na nje ya Roma katika miaka ya 1780, aliwaandikia wanafunzi mwaka 1800 kwamba zoezi la nje lisizidi saa mbili, na likiwa la macheo au machweo lisizidi nusu saa. Wengi hulisoma hilo kama onyo la kuharakisha mkono. Mimi nalisoma vingine: kwa kuwa muda ni huo, kuna mambo ambayo lazima yawe yamekwisha kuamuliwa kabla mkono haujaanza.

Na jibu langu lote limekaa hapo. Mchoraji wa nje hukata shauri mapema, kisha hulishika shauri hilo hata mandhari yenyewe ikiwa imeshaliacha. Wewe, kwa maelezo yako, unafika ukiwa huna shauri, unaanza kupaka ukitumaini litajitokeza, na jua linakukatia shauri jingine kila baada ya dakika ishirini. Picha yako moja ina asubuhi tatu ndani yake.

Shauri hukatwa kwa penseli. Kabla ya kufungua tyubu hata moja, chora kwenye daftari mstatili usiozidi kiganja. Finya macho mpaka majani yote ya mti yawe kitu kimoja na mawe yote ya kilima yawe kitu kimoja, kisha ujaze mstatili kwa vipande vinne au vitano tu. Kila kipande ukipe daraja lake la mwanga au giza, na madaraja yasizidi manne. Ukiona vipande vitano havitoshi, mara nyingi umesimama mbele ya mahali pasipo na picha; geuza kichwa, au sogea. Karatasi ngumu iliyokatwa dirisha dogo husaidia kuchagua, maana nje hakuna kingo, na macho yetu hutaka kila kitu. Dakika kumi zinatosha kwa mchoro huo. Andika saa pembeni yake.

Kisha, kwenye kanvasi, paka vivuli vyote kwa mpigo mmoja, kwa rangi nyembamba isiyo na nyeupe nyingi. Vivuli ndivyo vinavyokimbia. Nyumba, kilima na shina la mti vitakuwepo kesho. Umbo la kivuli cha saa tatu asubuhi halipo saa nne. Ukishalinasa umbo lile, liheshimu. Jua likihama, endelea kutazama rangi, kingo na madaraja, lakini usihamishe kivuli hata kidogo. Kuna hali moja tu ambamo naanza na kitu kingine, nayo ni anga yenye mawingu yanayokimbia au machweo. Hapo anga ndiyo inayotoroka kwanza, basi inapewa dakika za mwanzo.

Utakutana na kishawishi kikubwa karibu na mwisho: mwanga unabadilika na kuwa mzuri kuliko ule ulioanza nao. Wachoraji wengi huiua picha hapo. Jibu la Mfaransa Claude Monet lilikuwa kubadilisha kanvasi, wala si kuibadilisha picha. Alipochora miganda ya nafaka pale Giverny, mwaka 1890 na 1891, alikuwa na kanvasi kadhaa za mada ileile, akiichukua moja na kuiacha nyingine kadiri mwanga ulivyogeuka, kisha siku ya pili, hali ikirudi, anairudia ile ya saa hiyo. Mwaka 1891 alipokuwa akichora mipopla kando ya mto Epte, miti yenyewe ikapangwa kuuzwa ikatwe. Alimlipa mfanyabiashara wa mbao ili iachwe imesimama mpaka amalize. Hatuna sote uwezo wa kuwalipa wakata miti, lakini kubeba ubao wa pili kila mtu anaweza. Mwanga mpya, ubao mpya, mchoro mpya wa penseli.

Ukilishika hilo, nusu ya tope itaondoka yenyewe, kwa sababu tope halitoki kwenye tyubu. Hutoka kwenye kurekebisha. Unapaka rangi ya mwanga juu ya kivuli kibichi, zinachanganyikana, unaongeza nyeupe kuifufua, inapauka, unaongeza njano kuipasha moto, na sasa kuna rangi tano mahali palipohitaji mbili. Ukikosea, usipake juu. Kwangua kwa kisu cha rangi mpaka uone kanvasi, futa kwa kitambaa, paka upya mara moja. Inauma kuona kazi ya nusu saa ikiondoka kwa mkwaruzo mmoja, ila picha hupumua.

Nusu ya pili ya tope ni kuchanganya ukoo wa mwanga na ukoo wa kivuli. Chukua kwamba kila kilicho juani ni chepesi kuliko kila kilicho kivulini. Sheria hii ina mianya yake, kwa mfano shati jeupe kivulini na mbwa mweusi juani vinaweza kukaribiana, lakini ishike mpaka macho yako yawe na hoja ya kuivunja. Gawanya paleti kati: upande mmoja rangi za mwanga, upande wa pili za kivuli, na brashi za kila upande zisitembeleane. Ndani ya kivuli kuna mengi ya kuona. Sehemu zake zinazotazama juu hupokea buluu ya anga. Zile zinazotazama chini, kama upande wa chini wa tawi au wa paa linalotokeza, hupokea joto linaloakisiwa na ardhi iliyopigwa jua. Yote hayo yachore kwa kubadilisha rangi huku daraja la giza likibaki lilelile. Ukiangaza kivuli ili kuonyesha kilichomo ndani, jua linazimika kwenye picha nzima.

Rangi zenyewe ziwe chache. Mimi hubeba nyeupe ya titani, njano ya kadimiamu, nyekundu ya kadimiamu, alizarini ya kudumu (ile ya asili hufifia ikikaa kwenye mwanga), bluu ya ultramarini, na rangi mbili za udongo: okra ya njano na siena ya kuchomwa. Nyeusi siibebi. Ultramarini na siena ya kuchomwa zinatoa weusi mzuri zaidi, unaoweza kuuelekeza kwenye baridi au kwenye joto kwa kuongeza hii au ile.

Kijani kinastahili aya yake, maana ndicho kinachowashinda wengi. Mti ulio juani hauna kijani kimoja. Jani lililopigwa jua usoni lina kijani chepesi chenye joto. Jani linalong'aa, likiwa limeelekea angani, halikuonyeshi kijani hata kidogo: linakuonyesha anga, na rangi yake sahihi ni kijivu chenye ubuluu. Jani lililo kati yako na jua linapitisha mwanga ndani yake, nalo ndilo lenye kijani kikali cha unjano kuliko yote, ingawa lipo upande wa mti ulio kivulini. Mchoraji anayetumia kijani cha tyubu kwa yote matatu hupata mti wa plastiki. Changanya kutoka njano na bluu, kisha ukivunje kijani chako kwa chembe ya nyekundu au siena. Chembe tu.

Kuna fundisho moja ambalo limenisaidia kuliko yote kuhusu madaraja ya mwanga. John F. Carlson, mchoraji aliyezaliwa Uswidi na kufundisha Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaonyesha wanafunzi wake kwamba mandhari inaweza kugawanywa kwa jinsi kila uso ulivyolala mbele ya mwanga wa juu. Anga ndiyo chanzo, hivyo ni nyepesi kuliko yote. Ardhi iliyolala tambarare hupokea mwanga mwingi, inafuata. Miteremko hupokea kidogo kuliko tambarare. Vilivyosimama wima, miti kwa mfano, hupokea kidogo zaidi, navyo ndivyo vizito kuliko vyote. Madaraja manne, yaleyale uliyoyachora kwa penseli. Theluji, mchanga mweupe, maji na anga ya dhoruba huvuruga mpangilio huo, lakini faida ya kuwa nao kichwani ni kwamba unapouona umevurugika unajua umekutana na jambo la pekee, na pengine hilo ndilo la kuchora. Angalia kosa la kawaida: mteremko wa kilima unapakwa wepesi sawa na tambarare kwa sababu vyote viwili ni nyasi. Jina la kitu limelishinda jicho. Kilima kinalala chini kama zulia.

Umbali nao una kanuni yake, na wengi hujua nusu tu. Hewa hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Msitu wa mbali huonekana wa buluu kwa sababu kati yako na giza lake kuna hewa nyingi inayong'aa. Kwa hiyo vilivyo vizito hubadilika kwanza na kwa kiasi kikubwa: vinapauka, vinaelekea buluu. Nusu isiyosemwa ni kwamba kitu cheupe cha mbali hutenda kinyume. Mwanga wake hupoteza buluu njiani na kukufikia ukiwa na unjano, wakati mwingine hata rangi ya chungwa; tazama mawingu meupe yaliyo karibu na upeo wa macho ukiyalinganisha na yaliyo juu ya kichwa chako. Anayepaka kila cha mbali buluu, pamoja na mawingu, picha yake inakuwa baridi yote bila umbali wowote.

Umeuliza kuhusu kamera, na sitakuambia ni dhambi. Kamera huchagua kiwango kimoja cha mwanga kwa tukio zima. Ikilipendelea anga, vivuli vinakuwa shimo jeusi. Ikivipendelea vivuli, anga inakuwa karatasi tupu. Simu za siku hizi huunganisha picha kadhaa ili kuokoa pande zote mbili, na matokeo yake ni vivuli vilivyoangazwa kupita kiasi, yaani lile kosa nililolitaja juu, limefanywa kwa mashine. Jicho lako hufanya tofauti: linajirekebisha kila linapohamia. Ndiyo maana unaona buluu ndani ya kivuli ambacho kwenye picha ni cheusi tu. Lakini kinachonisumbua zaidi kuhusu picha ya kamera ni kwamba imekubali kila kitu. Kila tawi lipo, kila jiwe lipo, vyote vikidai haki sawa, na aliyechora kwa miaka kadhaa akizitazama hujifunza kutii kuliko kuchagua. Nadhani hapo ndipo shida yako ya nje ilipozaliwa. Miaka yote hiyo hukulazimika kukata shauri, kwa kuwa mada ilikuwa haikimbii.

Kumalizia ndani ni suala jingine kabisa, na hapo una wenzako wakubwa. Mwingereza J. M. W. Turner alitembea na madaftari, akichora nje kwa penseli zaidi, na rangi nyingi zikija baadaye. Mwingereza mwenzake John Constable, ambaye tunamkumbuka kwa upya wa majani na mawingu yake, alizichora zile kanvasi zake kubwa za futi sita studioni, akitumia mazoezi madogo aliyoyafanya nje. Mwaka 1821 na 1822 alichora mawingu pale Hampstead, London, kibao baada ya kibao, na nyuma ya vingi aliandika tarehe, saa na upepo ulikotoka. Unaona alichokuwa akikusanya. Lilikuwa ghala la ukweli ambalo angeweza kulifungua hata siku ya mvua.

Fanya hivyo. Ukitoka, rudi na zoezi dogo la rangi, mchoro wa penseli, na maneno machache uliyoandika: "kivuli cha ukuta kimeelekea zambarau, chepesi kuliko shina, maji mazito kuliko anga." Picha ya kamera piga mwisho kabisa, wakati wa kufunga vifaa, ikukumbushe matawi yalivyogawanyika au ukuta ulikuwa na madirisha mangapi. Studioni, rangi na madaraja vichukue kutoka kwenye zoezi. Umbo ukisahau, kamera ipo. Zoeza na kumbukumbu: tazama mandhari kwa makini, igeuzie mgongo, jitajie kwa sauti vipande vinne na madaraja yake, kisha geuka uone ulipokosea. Mmarekani James McNeill Whistler, aliyeuchora mto Thames wa London usiku, penye giza lisiloruhusu kupaka rangi, alitegemea kumbukumbu iliyozoezwa kwa namna hiyo.

Maisha ya mchoraji wa mandhari, basi. Kwa sehemu kubwa ni mizigo na saa. Kabla ya 1841 rangi za mafuta zilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, vilivyopasuka na kukausha rangi. Mwaka huo Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati inayobanwa, na kutoka na rangi kukawa jambo la kawaida. Hata hivyo mizigo bado huwashinda watu. Beba mbao ndogo, za sentimita 20 kwa 25 au pungufu. Mbao ndogo zinamalizika kabla jua halijahama, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kuzipendekeza. Uzito ni faida ya ziada. Monet mwenyewe aliwahi kujaribu kanvasi ya takriban mita mbili na nusu nje, mwaka 1866, akachimba handaki bustanini ili kuishusha afikie sehemu ya juu. Alikuwa na umri wa miaka 25, na mambo kama hayo hufanywa katika umri huo.

Upepo huangusha stendi: ning'iniza begi zito katikati ya miguu yake. Wadudu na mchanga vitaingia kwenye rangi. Katika picha ya mizeituni ya Mholanzi Vincent van Gogh iliyopo Nelson-Atkins Museum, Marekani, wataalamu wa jumba hilo walikuta mwaka 2017 vipande vya panzi aliyenaswa kwenye rangi tangu 1889, na picha yake ya bahari ya Scheveningen ya 1882 ina chembe za mchanga. Wadudu wakinasa kwenye picha yako, waache mpaka rangi ikauke, ndipo uwabandue. Ukiwatoa kwenye rangi mbichi utaharibu zaidi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika: vikikauka hutoa joto na vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze vikauke, au vifungie kwenye kopo la chuma lenye maji. Tapentaini iliyochafuka irudi nawe nyumbani ndani ya chupa, isimwagwe ardhini. Na usisahau kuitazama hali ya hewa huku umezama kwenye kazi. Mwaka 1885 wimbi lilimkumba Monet ufukweni Étretat kwa kuwa alikuwa amekosea saa za maji kujaa. Mfaransa Paul Cézanne alinyeshewa na dhoruba akichora nje, Oktoba 1906, akaanguka njiani, na akafariki baada ya siku chache akiwa na miaka 67.

Kuhusu riziki nitasema machache. Mazoezi ya nje kwa kawaida hayauziki kama picha kubwa za studioni, na wengi hulifidia pengo kwa kufundisha au kwa kazi za kuagizwa. Mfaransa Camille Corot, ambaye mazoezi yake ya Italia ya 1825 hadi 1828 leo yanahesabiwa miongoni mwa mazuri kabisa ya aina hiyo, aliishi kwa posho ya wazazi wake kwa miaka mingi. Van Gogh alilishwa na kaka mdogo. Kwa hiyo usiihukumu siku ya nje kwa kuuliza kama umerudi na kitu cha kuuza. Jiulize umeona nini ambacho picha ya kamera isingekuonyesha.

Usizunguke kutafuta mahali pazuri. Saa ya kutafuta ni saa ya mwanga iliyopotea. Chagua mahali pamoja panapofikika kwa miguu, pasipokuwa na lolote la kujivunia, na uparudie kwa saa ileile mara kwa mara. Cézanne aliuchora mlima Sainte-Victoire tena na tena, na hakuumaliza. Mahali ukipazoea, shauri hukatwa haraka, kwa sababu vitu vyenyewe unavijua na kilichobaki ni mwanga wa siku hiyo.

Wapita njia: simama mgongo ukiwa umeelekea ukuta au kichaka, hawataweza kukaa nyuma yako. Wanaosogea kwa mbele huuliza swali moja, nalo ni unachora nini. Jibu, tabasamu, rudi kazini. Watoto ni rahisi zaidi, wape penseli ya ziada na karatasi. Kama uko peke yako sehemu iliyojitenga, mwambie mtu uko wapi na utarudi saa ngapi.

Zile picha nyeusi ulizonazo usizirekebishe. Zikikauka kabisa, zisugue kwa msasa laini ukiwa umefunika pua, kwa sababu vumbi la kadimiamu si la kuvuta, zipake msingi wa kijivu wa rangi ya mafuta, na utakuwa na mbao za kuanzia. Bakiza moja tu. Nyuma yake andika saa uliyoanza na saa uliyoacha, kisha hesabu vivuli vyake vinaelekea pande ngapi.